Niliitika Mimi

Nilifanya kazi ya takwimu za elimu mjini Bukoba mpaka nikastaafu, na sijawahi kuiamini fomu iliyotimia. Fomu ikija mezani kwangu walioandikishwa ni sawa na waliopo, wavulana na wasichana wamejumlishwa safi, hakuna aliyehama wala mtoro hata mmoja, naikunja namrudishia mwalimu mkuu wake. "Sasa mama, kosa liko wapi?" Namwambia arudi akahesabu watoto, asihesabu daftari. Walinichukia, na nyuma ya mgongo wangu walisema yule mwanamke hana dogo. Waache waseme. Mimi nilijua hesabu ya shule inavyotimizwa, maana nimewahi kuitimiza kwa mwili wangu mwenyewe.

Jina ninalotumia si langu. Ndilo liko kwenye vyeti vyangu vyote, ndilo nililoajiriwa nalo, ndilo mume wangu alilotajiwa wazee walipokwenda kuposa, na ndilo linaloniletea pensheni. Lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai nilipolichukua. Sitaliandika hapa. Hata lile nililozaliwa nalo sitaliandika, kwa kuwa niliacha kuliitikia nikiwa na miaka kumi na minne.

Hii ni habari ya aibu. Nikiisimulia kwa ukali mnivumilie, ndivyo nilivyo, na ukali huo sehemu kubwa ni wa kwangu mwenyewe.

Baba yangu, ambaye sisi kwa Kihaya tulimwita tata, alikuwa karani wa kahawa wa ushirika. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa la Kilutheri na wanaume wenzake wakitajiana watoto: wa fulani yuko sekondari, wa fulani anakwenda ualimu. Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa neno moja, nshomile, nimesoma, kwa jinsi tunavyojivunia shule. Wengine hucheka wakiitwa hivyo. Tata alikuwa ananyoosha tai.

Mimi nikafeli. Wala haikuwa bahati mbaya, nilifeli hesabu kwa haki kabisa. Matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, tata aliyasoma mara mbili kutoka juu mpaka chini, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma inayopita kwenye migomba ili asikutane na mtu. Wiki nzima alikula chumbani. Hakunipiga na hakunisemesha. Afadhali angenipiga.

Kurudia darasa la saba kulikuwa kumekatazwa. Zilikuwa enzi za ujamaa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na aliyekosa alitakiwa ashike jembe, kwa sababu shule ilikuwa imeshamfundisha kujitegemea. Lakini njia ya pembeni ilikuwepo, wazazi waliijua na hakuna aliyeisema kwa sauti. Unatafuta shule ya mbali ambako kuna mtoto ameacha masomo, ila jina lake bado liko kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto wako anahamia kwenye jina lile, kama mpangaji anayeingia nyumba ambayo mwenyewe amesafiri. Anasoma mwaka mmoja, anafanya mtihani, na akipita, jina linakuwa lake hadi kaburini.

Shule ikapatikana upande wa Muleba, karibu na alikoolewa shangazi yangu. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa amesoma na tata dawati moja utotoni. Alitukaribisha ofisini, na ukutani nyuma ya kiti chake kulikuwa na ubao mweusi uliochorwa mistari ya rangi nyeupe: madarasa, wavulana, wasichana, jumla, waliopo leo. Tarakimu zilikuwa za chaki. Mgeni yeyote akiingia pale, jambo la kwanza aliloliona ni ubao ule, kabla hata ya uso wa mwalimu.

"Ndugu yangu, mimi napimwa kwa hiki hapa," alimwambia tata, akiugonga ubao kwa kidole. "Nikiandika mtoro, watu wa elimu wananijia juu. Mzazi ameitwa? Katibu kata ameambiwa? Na miaka mitatu sijapeleka mtoto sekondari hata mmoja. Binti yako mtihani ameshauonja. Akikaa hapa mwaka mmoja anapita, na mimi napumua."

"Na mwenye jina?" tata aliuliza.

"Huyo hatarudi. Baba yake ni marehemu. Mama ameteleza mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, mguu umevunjika vibaya, amelazwa Rubya hospitali. Nyumbani kuna wadogo watatu. Nani atawapikia? Hatarudi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia kila neno: kwamba kuna msichana, kwamba ana mama mgonjwa na wadogo watatu, na kwamba kiti nitakachokalia ni chake. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa mtoto, sikujua.

Siku mbili tata alibaki kwa shangazi akinizoeza. Nikiwa namenya ndizi anaita jina lile ghafla. Nisipogeuka, anaita tena, na sauti inapanda. Shangazi alikuwa akicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka, akawa anatoka nje anapoanza. Siku ya tatu niligeuka kabla hajamaliza kulitamka. Tata akaridhika, akapanda basi akarudi mjini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitabasamia tangu matokeo, na mimi nilifurahi. Kwa tabasamu lile ningeitika jina la mbuzi.

Darasani watoto hawakudanganyika hata dakika moja. Walikuwa wamekua na mwenye jina, walichota naye maji, walisali naye kigangoni. Mwalimu wetu wa darasa, dada mmoja kijana aliyetoka chuoni juzi tu, aliwaambia kwa kifupi kwamba kuanzia leo huyu ndiye, kisha akafungua daftari haraka haraka. Wakanyamaza kwa adabu. Lakini mapumziko yalipofika walikuwa wameshanipa jina lao: Mrithi. "Mrithi, lete mpira." "Mrithi, zamu yako kufagia." Mtu akifa ndipo anaporithiwa, na kila mara waliponiita hivyo nilihisi wananiuliza nani amekufa.

Basi nikazoea. Binadamu huzoea. Asubuhi jina linaitwa, nasema nipo, mwalimu anaweka alama. Jumla yetu ilikuwa thelathini na wanne, na thelathini na wanne waliandikwa kwenye ubao wa ofisini. Tulilima shamba la shule, tulibeba mawe ya kujengea nyumba ya mwalimu, tulikariri. Hesabu zikaendelea kunishinda kama zilivyonishinda mjini, ila sasa nilishindwa kwa jina la mtu mwingine.

Mwezi wa sita mwenye jina akarudi.

Alikuja asubuhi amebeba jembe begani kama sisi wote, maana ilikuwa siku ya shamba. Sketi ilikuwa imefuliwa mpaka buluu imekwisha. Alikuwa mwembamba, mrefu kunizidi, na viganja vyake vilikuwa vya mtu mzima. Watoto walimkimbilia wakamshika mikono. Kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka, wakanigeukia mimi. Yeye hakuelewa walichokuwa wanakitazama. Kengele ikapigwa, tukaingia, akaenda moja kwa moja kwenye dawati langu, dawati lake, akaniambia, "Samahani dada, unaweza kusogea?" Nikasogea. Tukakaa wawili.

Mwalimu akaanza kuita majina. Mimi nilikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja la haki maishani mwangu. Nilikuwa na muda wa kutosha, majina kumi na manane yalitangulia. Ningekaa kimya tu. Sikuhitaji kusema ukweli wowote, nilihitaji kufunga mdomo tu, ili alama ile iende kwa mwenyewe na watu wazima wahangaike na yaliyobaki. Nilikuwa napiga hesabu hiyo kichwani, na kwa mara ya kwanza hesabu ilikuwa rahisi.

Jina likaitwa. Tukaitika wote wawili. Lakini mimi niliwahi, na nilipaza sauti zaidi.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alibaki ameshika kalamu, akatutazama, kisha macho yake akayarudisha kwenye daftari na akaweka alama. Moja. Yeye pembeni yangu aligeuka akaniangalia, bila hasira, kama mtu anayedhani hakusikia vizuri. Baadaye akaitwa ofisini. Aliporudi alikaa palepale kando yangu na kuniambia kwa upole kwamba mwalimu mkuu amemruhusu kuhudhuria, ila hataitwa jina kwa sasa. Kwa kuwa amekosa miezi mingi, atasikiliza tu mwaka huu, na mwakani ataandikishwa afanye mtihani.

"Amesema wewe umetoka mjini, ni mgonjwa wa kifua, umekuja kwa ajili ya hewa, na jina langu umeazimwa mwaka huu tu," aliongeza. "Pole."

Sikujua niweke wapi uso. Nikakohoa kidogo. Ndiyo, nilikohoa, ili uongo wa mwalimu mkuu usianguke.

Mwakani isingekuwepo. Tata alikuwa ameshanieleza wazi: jina likishafanya mtihani wa darasa la saba, limekwisha, halirudi kwenye daftari tena. Mwenye jina akija mwakani ataambiwa wewe umeshamaliza shule, huyu hapa kwenye orodha. Mwalimu mkuu alijua, tata alijua, mimi nilijua. Yeye peke yake ndiye hakujua, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa wa kupoteza kitu.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba alikuwa na akili. Miezi mitano hakuja shule, na wiki mbili zilimtosha kutufikia. Mtu kama huyo unatamani awe na kiburi basi, umchukie. Hakuwa nacho. Aliona ninavyotoka jasho kwenye hesabu za mabomba, zile za bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa tatu na la pili kwa saa sita, yakifunguliwa pamoja yatajaza kwa saa ngapi. Sisi hatukuwa na bomba wala tangi.

"Achana na bomba," aliniambia. "Mama anajaza mtungi kwa safari tatu za kisimani. Mtoto wake, kwa kuwa kibuyu chake ni kidogo, anaujaza kwa safari sita. Wakienda pamoja safari moja, mama ameleta theluthi, mtoto ameleta sudusi. Mtungi umefika wapi?"

Nikafikiri. "Nusu."

"Sasa safari ngapi?"

"Mbili."

"Umeona? Si ngumu. Wanaiandika vibaya tu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza hesabu. Mwalimu wangu wa hesabu katika dunia hii ni yeye, na mshahara wangu wote wa miaka yote ya takwimu umetoka kwenye mtungi ule. Kila nilipopata jawabu alifurahi kuliko mimi. Wenzetu walituona tunainamisha vichwa pamoja, wakaacha kuniita Mrithi. Labda walidhani tumepatana. Kwa upande wake tulikuwa tumepatana kweli.

Siku moja tunapalilia maharage ya shule, tuko mstari mmoja, akaniuliza bila kuinua kichwa. "Hivi mwakani nitafanya kweli mtihani? Mama ananiuliza kila siku. Mguu wake haujapona sawasawa, anachechemea, lakini anasema niende tu shule, wadogo zangu atawaona mwenyewe. Nikimwambia mwakani, nataka nimwambie jambo la uhakika. Wewe shangazi yako anafahamiana na mwalimu mkuu."

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa. Aliuliza mtu aliyejua jibu, na aliuliza mapema, wakati katibu kata bado angeweza kuambiwa, mama yake angeweza kuja, jina lingeweza kurudi kwake kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa Bukoba. Kichwani nilimwona tata akipita njia ya nyuma kwenye migomba. Nikang'oa jani moja, nikang'oa la pili.

"Utafanya," nilimwambia. "Mwalimu mkuu hawezi kusema uongo."

Akashusha pumzi, akaendelea kupalilia. Siku hiyo alinimalizia mstari wangu.

Mkaguzi alikuja wiki chache baadaye. Habari zake zilitufikia mapema, kuta zikapakwa chokaa, njia ikapangwa mawe. Asubuhi ile mwalimu mkuu akapita madarasani mwenyewe akiwa na daftari, akahesabu vichwa. Kwetu alipata thelathini na watano. Akamtazama mwenye jina, akamwambia tumbili wanaharibu mahindi ya shule, aende akalinde mpaka aitwe. Akachukua fimbo akaenda. Tukabaki thelathini na wanne.

Mkaguzi naye alihesabu. Alitembea kati ya madawati akigusa kila kichwa kwa kalamu, akalinganisha na daftari, akalinganisha na ubao, akafurahi sana. Alisema shule nyingi alizopita zina watoto wa karatasi, majina bila watu, lakini hapa kila jina lina mtu wake. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha mkaguzi akatoa swali la mabomba mawili, na mkono uliopanda ni wangu tu. Nikajibu, nikaeleza na njia. Akauliza naitwa nani. Nikamtajia jina, naye akaliandika kwenye kitabu chake.

Kutoka pale niliposimama niliona dirishani mpaka shambani. Mwenye jina alikuwa anarusha mawe, anapiga kelele za kuwafukuza tumbili, anakimbia huku na huku peke yake. Alikuwa anafanya kazi ile kwa moyo wote, kwa sababu aliambiwa ni ya shule.

Siku ya mtihani ikawa hivyohivyo. Alikuja amevaa sketi iliyonyooshwa, penseli imechongwa, akasimama na sisi mstarini. Nilidhani amekuja kututakia heri. Majina yakaitwa, tukaingia, mlango ukafungwa, naye akaelekea shambani kwa tumbili wake. Ilikuja mitungi miwili kwenye karatasi ile, yaani mabomba, na yote miwili niliijaza.

Matokeo yalitoka msimu wa senene, wale panzi tunaowala, watoto wote wako nje na vikopo wanaokota. Tukakusanywa mstarini. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi moja, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, maana baada ya miaka mitatu shule yake ilikuwa imepata mmoja. Akalisoma jina. Yeye, mwenye jina, alipiga hatua moja mbele. Ni mguu tu uliosikia kabla ya kichwa. Kisha akasimama, na mimi nikampita, nikaenda mbele kupigiwa makofi.

Alinisubiri njiani. Hakuwa analia. "Hongera," alisema, na alimaanisha. Tulitembea kidogo. Halafu akasema polepole, kama anavyotafuta jawabu la hesabu, "Kwa hiyo jina limeshafaulu. Mwakani nitaandikishwa kwa jina gani?"

Nikaharakisha hatua.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Huo ndio ukweli pekee niliowahi kumwambia. Akakata njia ya kushoto kwenda kwao, na sijamwona tena mpaka leo. Nilisikia aliolewa ng'ambo ya bonde, ana wajukuu, analima. Mara nyingi nimepita barabara ile kwa gari la serikali, nikiwa na fomu za shule zote za wilaya mapajani, na sijawahi kumwambia dereva asimame. Nina visingizio vya kutosha, kimoja baada ya kingine, na vyote ni vya kipuuzi. Ukweli ni kwamba ninaogopa aniite kwa jina gani.

Lakini sijafika mwisho. Wiki iliyofuata tata alikuja kuchukua fomu ya kujiunga na sekondari. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tuliingia ofisini, wakapeana mikono, wakacheka kama wanafunzi wa zamani wanavyocheka, na mimi nikapewa fomu, nikatumwa nje nikae barazani. Hapo ndipo nilipomwona mwanamke anapanda kilima akichechemea, amejifunga kitenge kipya, na kichwani amebeba sanduku la bati la wanafunzi wa bweni. Lilikuwa jipya, linameta. Alipofika alinisalimia vizuri kama mtoto wa mtu yeyote, akalitua sanduku mlangoni, akabisha hodi.

Nilijua ni nani kabla hajafungua mdomo. Kwenye kifuniko fundi alikuwa ameandika jina kamili kwa rangi nyeupe.

Mlango ulibaki wazi. Alisema kwa Kihaya, kwa adabu yote, kwamba amekuja kushukuru. Alisema alikuwa kitandani hospitali akilia kwamba mguu wake umemharibia mtoto shule, na kumbe walimu wamemshika mkono. Alisema asubuhi ya mtihani alimnyooshea sketi mwenyewe. Binti amekataa kuja leo, anasema tumbo linamuuma, ni haya tu za watoto. Basi yeye amekuja kuchukua fomu, na sanduku ameshalipata sokoni Kagoma.

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ya mtihani binti yule alikuja amechonga penseli. Hakuweza kumwambia mama yake kwamba hafanyi mtihani.

Mwalimu mkuu alimwambia. Sijui alitumia maneno gani, alikuwa anazungumza chini sana. Nilisikia tu mwalimu akipandisha sauti kidogo mwishoni: "Lakini mama, tutamtafutia jina jingine mwakani. Kuna shule kule ng'ambo, kuna mtoto ameacha."

"Waitu," mama alisema, neno letu la heshima kwa mkubwa, "jina lake alipewa na baba yake siku alipotolewa nje akiwa mchanga. Baba yake hayupo. Nikamwombe nani lingine?"

Nikamwona tata akitia mkono kwenye mfuko wa koti akautoa na noti. Yule mama aliutazama ule mkono mpaka ukarudi mfukoni wenyewe. Kisha akatoka.

Barazani alisimama mbele yangu. Alinitazama kuanzia miguuni, viatu vyangu vya mjini, mpaka usoni. Nilikuwa nimekaa na fomu mapajani, na sikusimama, na Mhaya gani asiyesimama mbele ya mama wa watu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akainama kwa shida, kwa sababu ya mguu, akalisukuma sanduku kwa mikono miwili mpaka likagusa magoti yangu. "Rangi hii ni ya mafuta, haifutiki," alisema. "Nikilirudisha nyumbani watoto watalisoma kila siku. Kwangu halina kazi. Chukua."

Ningeweza kukataa. Tata alikuwa na uwezo wa kuninunulia masanduku matatu, alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na hakusema kitu. Nikaliangalia lile jina jeupe, limeandikwa vizuri, herufi zote zimelingana. Nikashika kishikio.

"Asante, mama," nikasema.

"Usome," akaniambia, akaniita kwa jina la binti yake, kisha akashuka kilima akichechemea, mikono mitupu.